Ajali Yake

Hamdiya hakuyapenda mashindano ya magari ya Fomula hata siku moja. Kelele zake zilimkera, na wale vijana wanaopanda jukwaani wakarushiana povu la chupa walimkera zaidi. Lakini aliyasoma mpaka akayajua. Alijua tairi gani linadumu na lipi linalika upesi. Alijua dereva akitoka nje ya mistari huonywa, na akimgonga mwenzake waamuzi hujifungia chumbani na picha zao, kisha wakatoa adhabu ya sekunde tano au kumi, au wakasema hapana kosa, tuendelee. Ungemkuta Jumapili ya mbio, sinia ya sambusa mapajani, akibisha kwamba mwenye gari la njano kaonewa, ungedhani ni shabiki wa kufa na kupona. Wapi! Mama wa watu alikuwa anazuia nyumba yake isiungue.

Maana Jumapili hizo ndizo pekee zilizobaki za mume wake na ndugu yake kukaa chumba kimoja.

Mume ni Marhoon, mtu wa Unguja aliyefika Maskati ndevu zimeshamtoka, na Kiarabu chake mpaka leo kinachechemea. Ofisini walimtania, sokoni walimtania, mwisho akazoea. Akiwa na jambo la moyoni hulisema kwa Kiswahili, anayefahamu afahamu. Ndugu ni Talal, mdogo wake Hamdiya. Mama yao alipofariki, Talal alikuwa bado anakojoa kitandani. Hamdiya, naye msichana wa skuli tu, ndiye aliyembeba mgongoni, akamlisha, akamfundisha kusali, na alipokua akamtafutia mke. Kwa hivyo ukimwambia Hamdiya kwamba alijaaliwa mtoto mmoja tu atakukatalia. Yeye huhesabu wawili, Talal na Yazan, na Yazan ndiye aliyekufa.

Alikufa miaka sita nyuma, kwenye barabara ya mlimani ya kuteremkia Qantab. Mjomba na mpwawe walitoka asubuhi, kila mmoja na kicheko chake, kwenda kununua nguru kwa wavuvi, kwa sababu Talal haamini samaki aliyelala kwenye barafu. Gari aliendesha Talal. Walipofika penye kona alitoka kulipita lori la maji, akakutana uso kwa uso na gari jingine linapanda. Talal alivunjika mkono. Yazan, kijana aliyekuwa ndiyo kwanza ameanza chuo, hakufika hospitali.

Siku ya pili ya matanga, wazee walimzunguka Marhoon katika sabla ya mtaa, ule ukumbi wanaume wanamopokelea rambirambi. Talal alikaa mbele yao, mkono umefungwa plasta, macho chini. Mzee mmoja akamuuliza Marhoon kwa Kiarabu, kwa upole: wewe baba wa marehemu, unasema nini juu ya kijana huyu? Marhoon akainua kichwa, akajibu maneno mawili tu. "Ajali yake," alisema. Sabla nzima ikashusha pumzi. Siku ya Yazan ilikuwa imefika, basi, iliyoandikwa haifutiki. Mzee akasema Mungu akulipe kheri, Talal akainuka akambusu shemegi yake kwenye paji la uso, wengine wakaanza kutafuta viatu vyao. Khabari ikawafikia wanawake kabla kahawa haijapoa, na Hamdiya, ndani ya msiba wake, akamshukuru Mungu kwamba amezika mtoto mmoja tu na si wawili. Polisi nao waliambiwa kwamba ukoo umesamehe.

Lakini mwenye kovu usidhani kapoa. Tangu siku ile Marhoon hakukanyaga nyumbani kwa Talal. Idi akialikwa, tumbo linamsumbua. Harusi ikitokea, ana mafua. Kupanda gari la Talal ndiyo kabisa usimtajie. Kitu kimoja tu hakukikataa, nacho ni mbio za magari, labda kwa kuwa Yazan ndiye aliyezileta humo ndani, na zamani walikuwa wakizitazama wote watatu na kupiga mayowe mpaka majirani wa Khuwair ya Kusini wagonge ukuta. Hamdiya alikishika kitu hicho kwa meno. Jumapili huko Omani ni siku ya kazi, watu wanatoka kazini wamechoka, yeye mwenyewe ana kitengo kizima cha wizara kinachomsubiri akikemee, lakini Jumapili ya mbio alasiri ataingia jikoni, atakaanga, atampigia Talal simu: "Njoo, zinaanza." Naye Talal huja.

Wakishakaa, hubishana. Na si ule ubishi wa mashabiki wa kutaniana na kupigana makofi mapajani. Watu wawili hawa walibishana kwa chuki. Popote magari yalipogusana, Marhoon alitaka mtu aadhibiwe. Popote magari yalipogusana, Talal alimtetea aliyegonga. Mvua, lami, tairi bovu, upepo, kila kitu kilikuwa na kosa isipokuwa mtu aliyeshika usukani. Hamdiya aliyaona hayo. Hakuwa mjinga. Lakini alijiambia kwamba bora wagombane kwa ajili ya Wazungu wa kwenye televisheni kuliko wanyamaze, na alipoona sauti zimepanda aliingiza neno lake la gari la njano, wakamgeukia yeye wote wawili, moto ukapungua.

Jumapili ninayoisema, alikuwapo Mutasim pia. Huyu ni jirani wa mlango wa pili, mtu mwema, lakini mdomo wake hauna breki. Alikuja na chupa ya chai ya maziwa na maoni mengi. Mbele lilikuwa linaongoza gari la kijani, dereva wake kijana mgeni kabisa, mwaka wake wa kwanza. Nyuma yake gari jeusi la mkongwe mmoja aliyeshinda kila kitu na bado hajashiba. Wakafika kona. Gari jeusi likajipenyeza kwa ndani, matairi yakagusana, na yule kijana akazunguka kama pia mpaka ukutani. Vumbi likatanda. Kwa muda hakuonekana kutoka.

Marhoon alisimama. "Kajitupa! Mumemwona? Kajitupa kwa makusudi."

"Kajitupa vipi, na nafasi ilikuwepo?" alisema Talal.

"Nafasi ipi? Pale hata paka hapiti."

"Ilikuwepo, shemegi. Kijana ndiye kaifunga."

"Kijana alikuwa mbele!"

"Kuwa mbele si kuinunua barabara."

Kijana alionekana anatoka garini, anachechemea, Alhamdulillahi. Hamdiya akashusha pumzi na kusukuma sinia. "Haya kuleni, zinapoa. Na mimi nnasema kosa ni la wale wenye gari la njano waliokuwa wakimchelewesha."

Hakuna aliyemgeukia safari hii. Mutasim, badala ya kujaza mdomo wake sambusa, akasema, "Bwana Marhoon, na wewe umezidi. Kila mtu unataka afungwe. Mbio ni mbio."

"Mbio ni mbio," Marhoon alirudia taratibu. "Huyu shemegi yangu tangu tuanze kukaa hapa hajaona dereva mwenye kosa. Hata mmoja! Anayegonga siku zote ni rafiki yake."

"Na wewe mtu akigonga unataka achinjwe," alijibu Talal, na sasa alikuwa hacheki tena. "Watu hukosea, yakhe. Mtu yuko kwenye mwendo, ana nukta ya kuamua, wewe umekaa kwenye mto unakunywa chai, unamhukumu."

"Nnamhukumu, ndiyo."

"Nani kakupa ukadhi?"

"Talal!" alisema Hamdiya.

"Wacha aseme, dada. Kila wiki nnakaa hapa nnatafunwa. Kila wiki."

Mtangazaji, kwa Kiarabu chake cha haraka haraka, alitangaza uamuzi. Waamuzi wametazama picha na wamesema hapana adhabu. Mutasim, ambaye hakuna aliyemwomba, akapiga kofi na kufasiri. "Haya, khalas! Wamesema ni ajali tu ya mbio. Hana kosa mtu."

"Si niliwaambia?" alisema Talal. "Ajali."

"Ajali ya nani?" aliuliza Marhoon.

"Ajali haina mwenyewe. Ajali haina kinga, wazee wetu wamesema zamani."

"Ina mwenyewe." Marhoon aliichukua rimoti akaizima sauti. Magari yakaendelea kuzunguka kimya kimya. "Mimi nilisema ina mwenyewe. Nilisema mbele ya watu, katika sabla, na wewe umekaa mbele yangu na plasta lako. Niliulizwa nasema nini juu yako, nikasema ajali yake. Yako wewe, Talal. Ajali uliyoifanya wewe. Nani alikwambia kwamba nnamsema mwanangu?"

Mutasim aliinuka akasema kuna kitu amekisahau jikoni kwake. Hakuna aliyemsikia, hata chupa yake ya chai aliiacha. Hamdiya alibaki na kipande cha sambusa mkononi na lile neno kichwani. Ajali. Nusu ya wazee waliokuwa mle hawajui Kiswahili zaidi ya karibu na ahsante, na kwa Kiarabu chao ajali ya mtu ni ile siku yake aliyopangiwa na Mola, ikifika haisogei. Walimwuliza baba kwa Kiarabu, wakalisikia jibu kwa Kiarabu: siku yake mtoto imefika. Wenye Kiswahili nao walikuwa na maana zote mbili mbele yao, gari kugongana na siku ya kufa, wakachukua ile inayowapa usingizi. Na yeye Hamdiya, mwenye lugha zote mbili tangu utotoni, alipoletewa neno hilo hakuligeuza hata mara moja kutazama upande wa pili. Kwa nini aligeuze? Lilikuwa linamwachia ndugu yake.

"Miaka sita," alisema Talal. "Nimekubusu kichwa, Marhoon!"

"Ulinibusu. Nilikuomba?"

"Ungesema basi! Una mdomo!"

"Niseme nini, na watu wameshasimama wanavaa viatu? Wanasema Mungu akulipe kheri, baba gani huyu, moyo gani huu. Nikimbie nyuma yao na Kiarabu changu hiki mnachokicheka, niwaambie rudini, hamkunifahamu? Nimezika mtoto jana yake!"

"Kwa hivyo unataka nini? Nifungwe? Nenda kaseme leo. Polisi wapo. Au nikakae mbele ya gari nawe unipitie juu, roho yako itulie?"

Marhoon alionyesha televisheni kwa kidole. "Wale unaowatetea, wakigonga wanasema kwenye redio. Kosa langu, mwombeeni radhi mwenzangu. Dunia nzima inasikia. Wewe hujasema. Umeleta nguru, umeleta mbuzi wa Idi, umeleta halwa, umeleta wanao wanipe mkono. Hilo moja hujalileta. Sema kosa langu, basi. Mimi sitaki kitu chengine kwako mpaka naingia kaburini."

Hamdiya aliposikia hivyo moyo wake uliruka. Ndiyo hilo tu? Miaka yote hii anakaanga na kubembeleza na kusoma habari za matairi, na kinachotakiwa ni maneno mawili! Alimgeukia ndugu yake kwa furaha ya ajabu, karibu acheke. Alijua kwamba hapa ndipo. Akisema, wote wawili anao. Asiposema, leo hii mmoja anaondoka.

"Sema, Talal," alimwambia. "Sema, mwanangu. Kosa langu. Maneno mawili."

Talal alimtazama. Uso wake ulikuwa uleule wa utotoni alipovunja kitu, na Hamdiya akaujua, na akaanza kuogopa kabla hajasikia lolote.

"Yazan ndiye aliyeniambia nipite," alisema Talal.



"Wallahi, dada. Nilikuwa nakwenda taratibu nyuma ya lori. Yeye ndiye aliyekuwa akicheka, akipiga dashibodi. Mpite mjomba! Mpite, mpite, mpite, nafasi hiyo! Kama anavyofanya hapa mbele ya televisheni. Sikumwambia mtu. Sikutaka mumseme maiti. Nimemsitiri miaka sita, halafu leo mimi ndiye mbaya."

Hamdiya alikuwa anamsikia mwanawe. Alimsikia kabisa, na ile sauti iliyokuwa bado inapasuka akifurahi, na hilo mpite mara tatu tatu kama alivyolisema siku zote. Talal hakuwa anasema uongo. Laiti angekuwa anasema uongo! Uongo angemsamehe, mtu akibanwa huongopa. Lakini alikuwa amekuja na kweli, ameiweka akiba muda wote huu, na siku aliyobanwa ameitoa akaikinga mbele yake, na kweli yenyewe ni mtoto aliyekufa.

"Alikuwa mtoto," alisema.

"Dada, nnakwambia kilichotokea tu."

"Alikuwa mtoto anacheka. Angekwambia uruke jabali ungeruka? Mguu ulikuwa wako, Talal. Yeye alikuwa na mdomo tu. Mguu ulikuwa wako."

"Dada..."

"Ondoka."

Talal hakufahamu. Alimtazama Marhoon kana kwamba Marhoon ndiye atakayemwokoa, na Marhoon alikuwa ameinamisha kichwa. Hamdiya alikwenda akafungua mlango wa nje. Joto likaingia, na sauti ya msikiti wa karibu ikaanza kuadhini magharibi. Talal alivaa viatu vyake pale kizingitini, kimoja kikamshinda, akakikanyaga kwa kisigino.

"Wewe ndiye uliyenilea," alisema. Alikuwa analia sasa. "Mimi sina mama mwengine. Unanitoa wewe?"

"Ndiyo maana nnakutoa mimi," alisema Hamdiya. "Sitaki akutoe mtu mwengine."

Akafunga.

Aliporudi ndani, mbio zilikuwa zimekwisha na wale vijana wako jukwaani wanarushiana povu lao, bila sauti. Marhoon alikuwa amesimama katikati ya chumba. Macho yalikuwa yamemwiva, na kwenye uso wake palikuwa na kitu ambacho Hamdiya hakukiona miaka mingi, kitu kama raha, ile ya mtu aliyetuliwa mzigo. Jambo hilo lilimtia ghadhabu kuliko yote aliyoyasikia tangu alasiri.

"Ahsante," alisema Marhoon. "Mungu akulipe..."

"Usinishukuru! Nyamaza. Ulikuwa unajua."

"Nilikuwa na uchungu, Hamdiya."

"Na mimi nilikuwa na nini? Harusi? Ulilala na mimi kitanda kimoja, unajua hukumsamehe. Kila Jumapili unanitazama naingia jikoni, unajua hukumsamehe. Mimi naona nawapikia watu waliopatana. Naona nimefanikiwa, hata najisifu, mjinga mimi! Kumbe muda wote nilikuwa napika matanga. Ungeniambia mimi. Wasingekufahamu wazee, wasingekufahamu Waarabu wote wa Omani, mimi Kiswahili chako sikijui?"

Marhoon alisema tu, kwa sauti ndogo, kwamba angemwambia ingekuwa vipi, na yule ni ndugu yake, kamlea.

"Ningemtoa siku ileile," alisema Hamdiya, "au nisingemtoa. Lakini ningekuwa najua nakaa na nani."

Alikaa chini. Alianza kukusanya sahani, akaziacha. Kilio kilipokuja kilikuja na mayowe, kile ambacho siku za matanga hakukilia kwa sababu alikuwa ameshughulika kushukuru. Alimlilia Yazan. Alimlilia Talal, ambaye bado alikuwa nje, maana gari lake halikuwa limesikika kuondoka. Hakuweza kuwatenganisha.

Marhoon alipiga magoti pembeni yake akamwekea mkono begani.

Hamdiya akautoa.